Gari Linalojikanyagia Mafuta

Jambo la kwanza alilolifanya Euphrasia alipofika penye ajali halikuwa kumuuliza mumewe kama ameumia. Alipenya katikati ya watu, akamshika Emorut mashavu kwa mikono miwili, akamvuta karibu na kumnusa mdomo. Alifanya hivyo mbele ya umati mzima: madereva wa malori walioshuka kwenye foleni ya mpaka kuja kutazama, wauza ndizi, vijana wa bodaboda. Alifanya hivyo mbele ya Mzee Ochom, ambaye binti yake Sylvia, aliyegongwa na gari la Emorut akishona kando ya barabara, alikuwa amelala chini kando ya cherehani iliyopondeka, paja limevunjika, akilia kwa sauti iliyoanza kukauka.

Mdomo wa Emorut ulikuwa na harufu ya chai ya maziwa aliyompikia mwenyewe asubuhi ile. Hakukuwa na kitu kingine. Lakini Euphrasia hakulitangaza hilo. Alimwachilia, akarudi nyuma hatua moja akishusha pumzi, na umati ukajihukumia wenyewe. Mke hamnusi mume wake bure.

"Si mmeona?" mtu mmoja alisema. "Bibi yake mwenyewe anamjua."

"Huyo ajon ilimmaliza kitambo," mwingine akaitikia.

Ajon ni pombe ya wimbi, ile ya chungu na mirija mirefu, na ni kweli kwamba zamani Emorut aliifuata kila ilipochemshwa, kuanzia Malaba mpaka Amukura. Lakini sasa ilikuwa miaka miwili na miezi minne hajaigusa. Watu wale wale waliomcheka alipokuwa akilala mtaroni walikuwa wamechukua mwaka mzima kukubali kwamba ameacha. Kumrudisha mtaroni kuliwachukua dakika moja.

"Gari ilijikanyaga!" Emorut alikuwa akipiga kelele. "Mguu ulikuwa kwa breki! Nilivuta hand brake! Angalieni basi, hand brake si iko juu?"

Hakuna aliyeangalia. Kijana mmoja wa bodaboda alijishika kiuno. "Gari hujikanyagia mafuta lini, mzee? Ama ni gari ndio imelewa?"

Wakacheka. Msichana wa watu yuko chini, mfupa umemtoka pahali pake, na wao wanacheka. Watu wetu wana ugonjwa huo, na sijui utatibiwa hospitali gani.

Kesho yake asubuhi Mzee Ochom alifika nyumbani kwa Emorut na ndugu zake wawili. Walikaribishwa chai wakaikataa, na kukataa chai kwa jirani wa miaka ishirini ni neno zima. Ochom hakukaa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Polisi sijaita," alisema. "Vijana walitaka kuchoma hiyo gari, nikawazuia. Sisi ni majirani. Jumamosi mkuje kwangu na watu wenu. Ikiwa ni bahati mbaya, tutaongea mambo ya hospitali na cherehani, tumalize. Lakini ikiwa ni pombe, Emorut, nitakupeleka mbele, na shahidi wa kwanza ni mimi. Mtoto wangu hawezi kulala hospitali ya Kocholia na vyuma kwa mguu, halafu wewe unaendelea kunyonya mrija."

"Mzee, mimi sikunywa."

"Bibi yako alikunusa."

"Nilimnusa, na hakuwa na harufu," Euphrasia akasema.

Ochom alimgeukia polepole. "Leo ndio unasema, Mama Vivian? Jana si ulikuwa na mdomo?"

Hilo lilimchoma Euphrasia kwa sababu lilikuwa la kweli. Wageni walipoondoka, alitaka mumewe amfokee. Angalau wangefokeana yakaisha. Lakini Emorut aliketi kwenye kigoda, akazungumza huku akiitazama sakafu.

"Kabla uninuse, nilikuwa mtu amepata ajali," alisema. "Ulipomaliza, nikawa mlevi."

"Niliogopa."

"Najua uliogopa. Mimi nilikwambia mara ngapi hiyo gari iko na shida? Nikakwambia inapanda resi yenyewe. Ukasema mguu wangu ni mzito."

Kweli, Euphrasia alisema hivyo. Lile gari lao jeupe la kubebea mizigo ya wafanyabiashara, ambalo majirani wote waliliita KAV kwa herufi za namba yake, lilikuwa la kizamani lakini tulivu, mpaka mwezi uliopita. Tangu hapo lilikuwa na vituko. Ukiliondolea mguu, injini inashuka kidogo kisha inapanda tena yenyewe ikinguruma. Ukifika mlimani ukalihitaji, linakufa chini ya mguu, halafu ghafla linaruka mbele.

"Ilianza siku gani hasa?" Euphrasia aliuliza.

"Siku ilitoka kwa Omagor."

Omagor alikuwa mdogo wake Euphrasia, fundi mwenye gereji karibu na uwanja wa malori. Euphrasia ndiye aliyesisitiza gari lipelekwe huko kubadilishwa oili na plagi. "Pesa ibaki nyumbani," alisema siku ile. Sasa, kila mwenye gari pande zile anajua sheria moja isiyoandikwa: gari likifunguliwa, simama nalo. Usiende chooni, usiende kununua soda, macho yako yasitoke kwenye mikono ya fundi. Lakini mwanamume atasimamaje juu ya kichwa cha shemeji yake akimlinda kama mwizi? Shemeji ni mtu wa heshima. Unamsalimia ukiwa umevua kofia, huketi kiti chake, na neno "umekosea" humwambii hata akikumwagia uji. Basi Emorut alimkabidhi Omagor ufunguo, akaenda zake nyumbani kungoja.

Gari lilipoanza vituko alilirudisha mara tatu. Mara ya kwanza Omagor akasema ni plagi zile mpya, ni feki, inunuliwe seti nyingine. Mara ya pili akasema ni pampu ya mafuta. Mara ya tatu akasema ni waya za kompyuta, akafunga na kufungua kitu, akapangusa mikono. Kila mara Emorut alitoa pesa, akasema asante shemeji.

"Na hukumuuliza?"

"Nimuulize shemeji yangu ameharibu nini?" Emorut aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Siku hiyo wewe ungelala wapi? Huku ama kwenu?"

Euphrasia alikuwa na namba ya simu ya fundi mmoja wa Busia aliyesifiwa na akina mama wa chama chake cha akiba, mzee aitwaye Okwara, ambaye ilisemekana hauzi spea hata ya shilingi kumi mpaka ajue ugonjwa. Akampigia.

Okwara alifika Alhamisi kwa pikipiki, sanduku la bati limefungwa nyuma kwa raba. Alikuwa mtu mfupi, mzee wa miaka sitini na kitu, aliyevaa ovaroli iliyofuliwa ikapigwa pasi. KAV lilikuwa limesukumwa mpaka uani, taa moja imevunjika. Okwara hakufungua boneti. Aliomba kiti, akaketi, akamwambia Emorut aketi pia.

"Hebu niambie. Hii resi inapanda gari ikiwa baridi ama ikiwa moto?"

"Baridi inapanda kidogo. Ikipata moto ndio mbaya."

"Ukitoa mguu, inashuka pole pole ama inakwama?"

"Inashuka nusu, halafu inapanda tena. Hiyo siku haikushuka kabisa. Nilikuwa nimetoa mguu kupisha lori. Ikaruka."

"Na mlimani?"

"Inakufa. Unakanyaga, unakanyaga, hakuna kitu. Halafu inashtuka kama imepigwa."

"Ilianza pole pole ama siku moja?"

"Siku moja. Siku ilitoka sevisi."

Okwara alitikisa kichwa. "Gari haibadilishi tabia siku ya kutoka kwa fundi bila sababu," alisema.

Euphrasia alikuwa amesimama karibu na ukuta, na alimwona mumewe akibadilika. Mabega yalimnyooka. Wiki nzima watu walimuuliza maswali ili wapate kumcheka. Huyu alimuuliza kwa sababu alitaka jibu, na kila jibu alilipima na kuliweka pahali pake.

Ndipo Okwara alipoinuka. Kwanza aliinama chini ya usukani, akavuta zulia, akakagua kama lilikuwa linashika pedali. Halikuwa linashika. Akafungua boneti, akamwomba Euphrasia aingie akanyage mafuta taratibu na kuachilia, injini ikiwa imezimwa. Yeye akawa anaitazama kebo. Kebo ilikwenda na kurudi vizuri. Akawasha gari. Injini ilianza juu, ikiyumba. Okwara akatoa mkebe wa dawa ya kusafishia, akawa anapuliza kidogo kidogo kwenye maungio ya mipira, moja baada ya jingine, kichwa amekiinamisha akisikiliza. Alipopuliza pahali pamoja, injini ilibadilisha sauti.

"Hapa," alisema. "Hapa inavuta hewa ya wizi."

Alingoja lipate moto. Dakika kumi na tano walisimama, mpaka injini ilipopanda ghafla ikaanza kupiga kelele hata kuku wakatawanyika uani. Emorut aliruka nyuma ukutani, uso umemtoka jasho. Okwara alizima, akaagiza maji, akanywa, akaanza kufungua. Alichokitoa kilikuwa throto, lile kopo la chuma ambalo hewa hupitia kuingia kwenye injini, lenye kibati cha mviringo ndani kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Akaligeuza mkononi.

"Mama, njoo uone. Gasketi hakuna, ni gundi ya silikoni wamepaka. Mashimo ya bolti yametanuliwa kwa tupa ndio ziingie. Hiki kibati, kikiwa baridi kinarudi. Kikipata moto kinakwama wazi hapa, unaona alama? Mguu wa mzee ulikuwa juu, lakini injini ilikuwa inakula hewa kama amekanyaga mpaka chini." Akaunganisha mita yake ndogo kwenye kipande cha plastiki ubavuni, akazungusha kibati. Namba zilipanda, zikaruka, zikapotea, zikarudi. "Na hii sensa ya kupima kibati nayo imelika. Inaambia kompyuta uwongo. Hiyo ndio ya kufa mlimani. Hii throto si ya hii injini. Ilitoka kwa gari ingine, na hata huko ilikuwa imetupwa."

Euphrasia alikuwa ameinama ndani ya boneti, akitafuta kitu chake mwenyewe. Krismasi iliyopita, alipokuwa akitia sahani na sufuria zake nukta nyekundu za rangi ya kucha, kama wafanyavyo wanawake wote pale ili vyombo vilivyoazimwa matangani virudi kwa mwenyewe, Emorut alimtania: mbona hutii na gari, siku moja nalo litaazimwa. Yeye akachukua kichupa, akafungua boneti, akatia nukta kila pahali mkono wake ulipofika. Walicheka mpaka machozi. Nukta zilikuwepo bado: kwenye betri, kwenye rejeta, kwenye kifuniko cha oili, kwenye sanduku la filta. Alichukua lile kopo kutoka kwa Okwara, akalizungusha mara mbili. Halikuwa na nukta.

"Labda imefutika," Emorut alisema kwa sauti ndogo.

"Rangi ya kucha haifutiki kwa chuma hivyo," Okwara alisema. "Na hata ikifutika, mzee, mashimo ya bolti hayajitanui."

Hata mikono Euphrasia hakunawa, akashika njia ya gereji.

Omagor alikuwa ameketi kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, shati safi, akitazama simu. Alipomwona dada yake alitabasamu.

"Sista! Leo umenikumbuka."

"Throto ya gari yetu iko wapi?"

"Throto gani?"

"Usinichezee, Omagor. Ile ulitoa."

Alijaribu kushangaa. Alijaribu kucheka. Alisema mafundi wa Busia ni waongo, wanataka kuuza. Euphrasia hakuondoka wala hakunyamaza, na wateja wawili walianza kugeuza shingo. Omagor akamshika mkono, akampeleka nyuma ya gereji penye matairi mabovu.

"Sikia. Kulikuwa na jamaa wa Tororo, ng'ambo ya mpaka, amekwama hapa, ako na pesa mkononi, anataka throto safi ya hiyo injini. Zenyewe hazipatikani. Yenu ilikuwa safi. Nikaweka hiyo ingine ya kusukuma siku mbili tatu, nikitafuta ingine. Ningerudisha."

"Na plagi? Na pampu? Ulimuuzia ya nini?"

"Si ilibidi aone kitu inafanyika?"

Euphrasia aliuchomoa mkono wake. Huyu alikulia mgongoni mwake. Euphrasia ndiye aliyemfundisha kuandika jina lake kwa kijiti kwenye vumbi.

"Sylvia amevunjika paja, Omagor."

"Mimi sikuwa naendesha." Aliposema hivyo hata yeye aliona limekuwa baya, akashusha sauti. "Na hiyo pesa sikukula peke yangu. Mabati mapya ya mama unafikiri yalitoka wapi? Si juzi ulikaa chini yake ukasifu? Ukasema Omagor ni mtoto mzuri?"

Kabla Euphrasia hajafika nyumbani, simu ililia. Alikuwa mama yake. Omagor alikuwa ameshafika huko kwa simu.

"Mwanangu, usiharibu nyumba," mama alisema. "Ndugu yako ana watoto wanne. Akitajwa mwizi, nani atampelekea gari tena? Emorut watu wameshamzoea. Akisema mguu uliteleza, nani atashangaa? Tutachanga, tulipe hospitali pole pole. Mume ni mtoto wa watu, Euphrasia. Omagor mmelala tumbo moja."

"Watampeleka polisi, mama. Watasema alikuwa amelewa."

"Si alikuwa mlevi?"

"Aliacha."

"Aliacha, ndiyo. Lakini alikuwa."

Hasira iliyompanda Euphrasia pale barabarani hakuwahi kuijua. Basi ndivyo walivyomfanya mume wake: shimo la takataka. Kwa kuwa zamani aliwahi kukosea, kila mwenye kosa angekuja kulitupa kwake, na majirani wangesema ni lake, maana harufu wanaijua. Mchuma janga hula na wa kwao, wazee walisema. Omagor alichuma akala na mama, na sasa walitaka Emorut aoshe vyombo. Akamkatia mama yake simu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya maishani.

Alimweleza Emorut yote. Emorut alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Usimtaje."

"Nini?"

"Siwezi kusimama mbele ya watu niseme shemeji yangu ni mwizi. Mimi nitasema gari ilikuwa mbovu. Basi."

"Watakuuliza nani alitengeneza."

"Nitasema ni fundi."

"Baba Vivian, watakufunga!"

"Heshima ni heshima."

Euphrasia alimtazama mtu huyu aliyekuwa radhi kufungwa kwa adabu, akatamani kumpiga na kumkumbatia kwa wakati mmoja. "Sawa," alisema mwishowe. "Wewe ni shemeji yake. Mimi ni dada yake. Nitasema mimi."

Jumamosi uwanja wa Ochom ulijaa viti vya plastiki. Watu wa Ochom walikaa upande mmoja, wa Emorut upande wa pili, na mama yake Euphrasia alikuwepo, amejitanda leso, Omagor ubavuni mwake. Roselyn, mamake Sylvia, alikuwa ametoka hospitali asubuhi hiyo hiyo. Okwara aliitwa, akaweka kopo la chuma mezani, akaeleza polepole kama alivyowaeleza wao: hewa ya wizi, kibati kinachokwama kikipata moto, sensa inayodanganya. Akawapa walishike. Lilizunguka mikononi mwa wazee, kila mmoja akaingiza kidole kwenye mashimo yaliyotanuliwa.

"Sasa nani aliweka hii kitu?" Ochom aliuliza.

Emorut alitazama viatu vyake. Euphrasia akasimama.

"Ni Omagor," alisema. "Ndugu yangu wa tumbo moja. Alitoa yetu akauza ng'ambo, akatuwekea hiyo. Mume wangu alirudisha gari mara tatu, na mara tatu akauziwa kitu haikuwa na shida. Hakusimama na gari kwa sababu alimheshimu. Na mimi ndio nilimwambia apeleke huko. Kama mnatafuta mtu wa kumlaumu, anzeni na sisi wa kwetu. Huyu muacheni."

Ochom alimgeukia Omagor. "Ni kweli?"

Omagor alimtazama mama yake. Mama alitazama leso yake. "Ni kweli, mzee," alisema, "lakini—"

"Lakini weka mfukoni."

Ochom alikuwa mtu mkali, ila hakuwa mtu mbaya, na alipoona ukweli aliufuata. Aliinama na ndugu zake wakanong'onezana, kisha akatamka: hospitali na cherehani ni juu ya Omagor, na asipolipa ndiye atakayekwenda polisi. Halafu alimwendea Emorut, akampa mkono mbele ya wote. "Tulikukosea," alisema. "Mimi wa kwanza."

Emorut aliupokea mkono ule kwa mikono yake yote miwili. Mama yake Euphrasia aliinuka kwenda zake, na alipompita binti yake alisema bila kusimama, "Umeniua." Euphrasia alilipokea hilo pia. Alijua lingekuja. Bado aliona afadhali.

Kisha chungu kikaletwa.

Hakuna aliyeona ajabu. Pale kwao maneno humalizikia kwenye chungu: waliogombana huweka mirija yao katika ajon moja, wakanywa, na yaliyosemwa yanakuwa yameoshwa. Asiyekunywa, kisu chake bado kiko kiunoni. Wanawake walimimina maji ya moto chunguni, povu likapanda, harufu ya wimbi ikajaa uwanja. Roselyn alipewa mrija wake kama mama wa aliyeumia. Ochom akaketi, akavuta mara moja, akachukua mrija mwingine mrefu, akaufuta kwa kiganja, akampa Emorut.

"Mzee," Emorut alisema, "mimi nitakunywa chai."

Watu wakacheka, safari hii kwa upendo. "Chai ni ya wageni," Ochom alisema. "Wewe si mgeni. Vuta."

"Mzee, unajua mimi niliacha."

"Na nani amekwambia urudi? Mara moja tu. Guza na mdomo, tumalize haya maneno."

"Kidogo tu, Emorut!" wakaitikia kutoka kila upande. "Onja tu!" "Usituletee unabii hapa!"

Mrija ulikuwa mkononi mwake. Euphrasia aliona vidole vyake vikiubana. Alitaka kuruka aunyakue. Alijikalia mikono yake mwenyewe. Mdomo ule ulikuwa wa Emorut, na wiki ile watu wengi mno walikuwa wamejifanya wenye nao.

Emorut aliinama mbele mpaka uso wake ukawa karibu na povu. Akakaa hivyo. Kisha akaulaza mrija juu ya mdomo wa chungu, akasimama.

"Mzee Ochom," alisema, "kama amani yenu iko ndani ya hiki chungu peke yake, basi semeni nilikuwa nimelewa. Nipelekeni polisi."

Akageuka akaondoka, akipita katikati ya viti.

Uwanja ulilipuka. Ndugu zake Ochom walisimama. Mmoja alisema huu ni ushahidi kwamba ana kinyongo, mwingine akasema mtu asiye na hatia haogopi chungu. Ochom mwenyewe alikuwa amevimba uso. "Ametudharau!" alipiga kelele. "Nimempa mkono mbele ya watu, ametudharau! Mama Vivian, mrudishe mume wako sasa hivi, ama yote tumesema hapa hayapo!"

Euphrasia aliinuka. Hakuwa akipaza sauti, lakini walinyamaza wamsikie.

"Mzee, wiki nzima mmetafuta pombe kwa mdomo wa mume wangu, hamkuipata," alisema. "Leo mnataka kuiweka wenyewe."

Alichukua lile kopo la chuma mezani, akaliweka ndani ya kikapu chake. Roselyn alitoa mrija wake chunguni, akauweka chini kwenye vumbi, na mumewe alipomwambia aurudishe akasema ameshiba.

Euphrasia alimkuta Emorut barabarani, amesimama kando ya lori lililozimwa, ameegemea tairi. Alikuwa akitetemeka mikono yote miwili, meno yakigongana kama mwenye homa. Alipomwona alijaribu kujizuia, akashindwa.

"Mama Vivian," alisema, "nilitaka. Mungu ananiona, nilitaka sana."

"Najua."

"Ilibaki kidogo hivi."

"Najua, Baba Vivian."

Akamshika mkono, kitu ambacho watu wazima wa pale hawafanyi barabarani, wakaanza kutembea kurudi nyumbani kando ya foleni. Madereva waliwatazama kutoka juu. Nyuma yao Ochom alikuwa bado akipiga kelele kwamba Jumatatu asubuhi ni polisi.